Kichwa cha mashine kinazunguka, lakini kinaonekana kimesimama: tatizo la taa za tyubu karakanani

Swali: "Nina karakana ya kukereza vyuma. Zamani tulifanyia kazi chini ya bati, pande zote wazi. Mwaka huu tumehamia kwenye jengo lililofungwa lenye taa sita za tyubu za futi nne, zile za choki na stata, na tangu tuhamie naona maajabu. Mashine ikiwa kwenye spidi fulani, kile kichwa chenye taya tatu kinachoshika chuma kinaonekana kimesimama kabisa, au kinarudi nyuma taratibu. Kuna spidi nyingine naona taya sita badala ya tatu. Wiki iliyopita kijana anayejifunza kazi alinyoosha mkono akishike akidhani nimezima. Nilimwahi. Nikipunga bisibisi hewani naiona vipande vipande, tena vina kingo za rangi. Video ya simu inatoka na michirizi myeusi. Tyubu moja mwanga wake unajinyonganyonga ndani kama nyoka. Jirani anasema umeme ni mdogo, ninunue stabilaiza. Mwingine anasema ni macho, niende hospitali. Wa tatu anasema nitoe zote niweke LED. Nimsikilize nani?"

Jibu:

Fundi, macho yenu ni mazima na umeme wenu una uwezekano mkubwa wa kuwa wa kawaida. Kinachowadanganya ni taa. Yule kijana alikuwa anapeleka mkono kwenye chuma kinachozunguka zaidi ya mara thelathini kwa sekunde, huku macho yake yakimwambia kimetulia. Usimlaumu. Hata wewe ungeingia humo ukiwa umechoka, kelele za grenda zikiwa zimefunika mvumo wa mota, ungeweza kufanya vivyo hivyo. Hatari hii inajulikana siku nyingi. Kiwango cha Ulaya cha taa za sehemu za kazi, EN 12464-1, kinaonya kwamba mwanga unaopepesa unaweza kubadilisha mwendo wa mashine jinsi unavyoonekana, na kwamba hali hiyo ni ya hatari.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, yapo ya kufanya leo. Kila mashine inayozunguka iwekee taa yake ya karibu, ya balbu yenye waya unaowaka ndani. Halojeni ya volti 12, wati 50, ikilishwa na transfoma na kuwekwa kama nusu mita kutoka kwenye kichwa cha mashine, inatosha. Balbu hiyo inavuta zaidi kidogo ya ampea 4, kwa hiyo tumia waya wa milimita za mraba 1.5, usitumie waya mwembamba wa spika. Balbu ya namna hiyo haidanganyi. Rudisha kinga ya kichwa cha mashine kama mliiondoa, kwa sababu kinga haijali jicho linaona nini. Kisha weka amri moja: hakuna anayegusa kichwa kwa sababu "kimesimama". Anayetaka kugusa azime swichi kwa mkono wake mwenyewe, asubiri, asikilize hadi mvumo uishe, ndipo asogee.

Sasa tuje kwenye sababu. Umeme wa gridi kwetu Afrika Mashariki ni wa Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Mkondo unakwenda upande mmoja, unapungua hadi sifuri, unageuka na kwenda upande wa pili, unapungua tena hadi sifuri. Katika kila mzunguko mmoja unapita kwenye sifuri mara mbili, na kwa sekunde moja mara 100. Taa yenye choki ya kawaida ya chuma, ile koili inayodhibiti mkondo wa tyubu, inafuata mwendo huo moja kwa moja. Ndani ya tyubu kuna gesi ya agoni na mvuke kidogo wa zebaki. Mkondo ukipita, zebaki inatoa mionzi ya urujuanimno, hasa ya nanomita 254, ambayo jicho haliioni. Ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo unainyonya mionzi hiyo na kuigeuza kuwa mwanga tunaoufanyia kazi. Mkondo ukifika sifuri, zebaki inanyamaza karibu papo hapo. Unga wenyewe unaendelea kung'aa kidogo, ndiyo maana taa haizimiki kabisa. Mwanga hushuka hadi karibu nusu ya kilele chake, zaidi au pungufu kutegemea aina ya unga, kisha hupanda tena. Hayo yanatokea mara 100 kila sekunde, mwaka mzima, na hakuna anayeyaona.

Huyaoni kwa sababu ukitazama kitu kilichotulia, jicho la mtu linaacha kutambua kupepesa kukizidi mapigo 50 hadi 90 kwa sekunde, kutegemea ukali wa mwanga na mtu mwenyewe. Hadithi inabadilika kitu kikianza kutembea. Bisibisi ukiipunga, kila pigo la mwanga linaikuta mahali tofauti, na jicho linabaki na picha kadhaa zilizopangwa mstari. Chini ya jua bisibisi hiyo hiyo inaacha ukungu mmoja laini, kwa sababu jua halina mapigo. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote na hakihitaji chombo. Chukua kitu chembamba na cheupe, kipunge mbele ya kitu cheusi, kwa kasi. Ukiona vipande, taa inapepesa.

Kwa kichwa cha mashine kuna hesabu fupi ambayo kila mkerezaji anafaa kuijua. Mapigo 100 kwa sekunde ni mapigo 6,000 kwa dakika. Gawa 6,000 kwa idadi ya taya, mikono au vitu vingine vinavyofanana na vilivyopangwa sawa kuzunguka mhimili. Jibu ni spidi ambayo kitu hicho kitaonekana kimesimama. Taya tatu: mizunguko 2,000 kwa dakika. Taya nne: 1,500. Puli yenye mikono mitano: 1,200, na ya mikono sita: 1,000. Kwenye spidi ya 2,000, kati ya pigo moja na jingine kichwa cha taya tatu kinakuwa kimezunguka theluthi moja kamili, hivyo taya la pili limekaa mahali lilipokuwa la kwanza. Jicho halina namna ya kujua kwamba si taya lile lile.

Kurudi nyuma nako kumetoka hapo hapo. Tuseme kibao cha mashine kinasema 2,000, lakini mkanda umelegea kidogo na mota imebeba mzigo, kwa hiyo kichwa kinazunguka mara 1,940. Kila pigo linakuta taya hazijafika kabisa zilipotakiwa kufika. Zimebaki nyuma kidogo, na pigo linalofuata nyuma kidogo tena. Jicho linaunganisha picha hizo na kuona kichwa kinarudi nyuma kwa tofauti ya spidi hizo mbili, yaani mizunguko 60 kwa dakika, mmoja kila sekunde. Kikizunguka mara 2,060, kitaonekana kinakwenda mbele kwa mwendo huo huo wa kizembe. Huu ndio uongo mbaya zaidi, kwa sababu kitu kinachozunguka mara moja kwa sekunde kinaonekana kama kinachomalizia kusimama, cha kusaidiwa kwa kiganja.

Na zile taya sita? Weka spidi ya 1,000. Kati ya mapigo mawili kichwa kinazunguka sehemu moja ya sita. Pigo la kwanza linaonyesha taya tatu, la pili linaonyesha taya zile zile zikiwa katikati ya nafasi za mwanzo, na la tatu linarudia picha ya kwanza. Jicho linazijumlisha zote: taya sita, zilizofifia, zimetulia. Ukiona idadi imeongezeka maradufu na rangi imepauka, ujue uko kwenye nusu ya ile spidi ya kusimama.

Mota zetu nyingi zinatusogeza karibu na namba hizi bila sisi kupenda. Mota ya induksheni ya nguzo nne kwenye Hz 50 ingezunguka 1,500 kama isingeteleza. Ikiwa na mzigo inazunguka kama 1,440 hivi. Funga kitu chenye mikono minne moja kwa moja kwenye shafti yake nawe utakiona kinarudi nyuma mara moja kwa sekunde. Mafundi wa mota huitumia hila hiyo hiyo kupima utelezi, yaani spidi ambayo mota inapungukiwa: chora msalaba mweupe kwenye uso wa shafti, mulika kwa taa ya umeme huo huo, hesabu inarudi nyuma mara ngapi kwa dakika. Wenye santuri nao wanaijua. Sahani ya kupigia ya spidi ya 33⅓ ina mistari 180 ukingoni kwa umeme wa Hz 50, na ikizunguka sawasawa chini ya taa mistari inaonekana imesimama. Gawa 6,000 kwa 180 uone.

Hapa kuna jambo moja ambalo mara nyingi huelezwa vibaya. Utasikia msumeno wa duara wenye meno 40 nao unaweza kuonekana umesimama chini ya tyubu. Kwa hesabu tupu, ndiyo. Karakanani, kwa kawaida hapana. Pigo la mwanga wa tyubu si fupi kama la flashi ya kamera; linapanda taratibu na kushuka taratibu, na linachukua sehemu kubwa ya ile 1/100 ya sekunde. Msumeno unaozunguka karibu 3,000 unapitisha meno kama ishirini ndani ya muda huo, kwa hiyo meno yote yanayeyuka kuwa ukungu. Uongo unakolea pale kitu kinaposogea hatua moja tu, yaani taya moja au mkono mmoja, kati ya pigo na pigo. Kikisogea hatua mbili, kama taya tatu kwenye spidi ya 4,000, picha inafifia sana. Kwa hiyo viangalie zaidi vichwa vya mashine za kukereza, puli za mikono, feni, na vichwa vya mashine za kutoboa. Hilo halifanyi msumeno wala jiwe la kunolea kuwa salama, maana ukungu wa meno nao haumwonyeshi mtu makali yalipo. Ni hatari nyingine, si hii.

Usikimbilie kudhani kwamba kupaka taya moja rangi nyekundu kutamaliza tatizo. Kunasaidia kidogo. Kwenye spidi ya 2,000 wekundu utatua kwenye nafasi zote tatu kwa zamu, nawe utaona taya zote zina wekundu hafifu unaotetemeka, na anayejua ataelewa kwamba mashine inakwenda. Lakini mgeni hajui. Ukipenda paka, ila usiihesabu kuwa kinga.

Zile kingo za rangi kwenye bisibisi zinatoka kwenye ule unga. Unga wa tyubu ni mchanganyiko, na viungo vyake havizimiki kwa kasi moja. Sehemu inayotoa bluu inazimika haraka sana mara mionzi inapokatika, ilhali sehemu zinazotoa rangi za upande wa njano na nyekundu zinachelewa. Kwa hiyo mwanga wa kilele una bluu zaidi, na mwanga wa bondeni una njano zaidi. Ukiwa umetulia unaona mchanganyiko wake, yaani nyeupe. Bisibisi inayokimbia inazitandaza rangi hizo kando kwa kando, na ndiyo maana kila kipande kina ukingo wa bluu upande mmoja na wa njano upande wa pili. Hakuna ubaya hapo.

Michirizi ya simu ina asili hiyo hiyo, ila kamera ina tabia yake. Haipigi picha yote kwa wakati mmoja. Inasoma mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini. Mistari iliyosomwa mwanga ukiwa bondeni inatoka na giza. Kama kamera inachukua 1/50 ya sekunde kusoma picha nzima, mabonde mawili yanapita na utapata michirizi miwili. Simu nyingi zina mpangilio wa kupunguza kupepesa wa kuchagua Hz 50 au Hz 60. Kwetu ni 50. Mpangilio huo unasafisha video tu, haugusi taa. Tena unaweza kukuficha ukweli, kwa sababu simu inayofungua jicho lake kwa 1/100 ya sekunde kamili inakusanya pigo zima na haionyeshi mchirizi wowote. Ukitaka simu ikupimie taa, tumia kamera ya kuchagua mwenyewe na uweke 1/1000 ya sekunde au fupi zaidi, au piga video ya mwendo wa taratibu ya picha 240 kwa sekunde. Taa mbovu itapigapiga mbele yako waziwazi.

Ile inayojinyonganyonga ni kisa kingine kabisa. Mkondo ndani ya gesi wakati mwingine haukai kama safu moja tulivu. Unagawanyika kuwa matabaka ya mwanga na giza yanayotembea au kuzunguka. Hutokea sana tyubu ikiwa mpya, ikiwa na uchafu kidogo wa gesi uliobaki kiwandani, au ikiwa imepoa. Iache iwake saa kadhaa, izime uiwashe tena, nyingi hutulia. Ikigoma, badili stata kwanza kwa sababu ni ya bei ndogo, kisha tyubu. Tofautisha na tyubu iliyozeeka, yenye ncha nyeusi, inayopepesa hadi unaiona kwa pembe ya jicho. Hiyo ncha yake moja imechoka na haitoi mkondo vizuri, hivyo mkondo wa upande mmoja unapita kuliko wa upande wa pili, na taa inapiga mara 50 kwa sekunde badala ya 100. Kiwango hicho jicho linakitambua. Mbaya zaidi, mkondo ulioegemea upande mmoja unaipasha choki joto kupita kiasi. Usiiache hivyo hadi ife yenyewe. Badili tyubu pamoja na stata siku hiyo hiyo. Na kama kuna mtu hapo mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga, asikae chini ya taa ya namna hiyo hata kwa saa moja.

Sasa washauri wako watatu.

Wa stabilaiza amekosea, ingawa ana chembe ya ukweli. Stabilaiza inarekebisha volti. Haigusi Hz. Mitambo ya umeme wa maji ya Kidatu, Mtera na Bwawa la Nyerere huko Tanzania inazunguka kwa kwenda sawa kwenye gridi moja, na hiyo Hz 50 inakufikia kama ilivyo, uwe na stabilaiza au usiwe nayo. Chembe ya ukweli ni kwamba volti ikishuka sana tyubu hushindwa kujishikilia na stata inaanza kuchapachapa upya. Pima kwa multimita kwenye soketi wakati mota kubwa inaanza. Ikienda chini ya volti 207 na kubaki huko, una tatizo la laini au la waya wa kwenda karakanani, na dawa yake ni fundi umeme au shirika la umeme, si kifaa cha kuongeza mezani. Jambo la pembeni: mkitumia jenereta, Hz zake zinapanda na kushuka na mzigo, na spidi za kusimama zitahama pamoja nazo.

Wa hospitali naye hakukosea kabisa. Kwa uliyoyaeleza, hakuna ugonjwa. Lakini wafanyakazi wakilalamika kichwa na macho kuuma jioni, taa inaweza kuhusika. Utafiti uliofanywa ofisini Uingereza na kuchapishwa 1989 ulionyesha kwamba taa za tyubu zilipobadilishwa kutoka choki ya kawaida kwenda ya kielektroniki, malalamiko ya kichwa na macho yalipungua kwa nusu na zaidi. Kumbe jicho lisichokiona waziwazi, neva bado zinakipokea. Kwa mtu anayeona vimulimuli hata gizani, pazia jeusi upande mmoja wa jicho, au nukta nyeusi nyingi za ghafla, hayo si mambo ya tyubu. Aende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Wa LED yuko karibu na ukweli, ila "weka LED" peke yake si jibu. Chipu ya LED inaitikia mkondo kwa haraka kuliko unga wowote wa tyubu. Ikilishwa na kifaa duni kisicho na kapasita ya kutosha ya kulainisha umeme, inapepesa mara 100 vilevile, na mwanga wake unaweza kushuka hadi karibu sifuri. Utakuwa umetoa taa inayokudanganya kiasi na kuweka inayokudanganya kabisa. Nenda dukani na bisibisi na simu, omba taa iwashwe, ipime hapo hapo kwa namna nilizoeleza. Muuzaji akikataa kuwasha, nunua kwingine. Bei kubwa si uthibitisho, na maandishi ya "haipepesi" kwenye boksi nayo si uthibitisho.

Una njia tatu za kudumu.

Ya gharama ndogo ni kugawa taa kwenye fezi, kama karakana yako ina umeme wa fezi tatu, na karakana ya kukereza mara nyingi inao. Taa sita, mbili kila fezi, zipangwe kwa kupokezana ili kila mashine imulikwe na fezi zote tatu. Vilele vya fezi hizo vimepishana kwa theluthi moja ya pigo, kwa hiyo mwanga wa moja unapozama za nyingine zinashikilia. Mwanga wa jumla unabaki na mawimbi madogo tu, 300 kwa sekunde. Udhaifu wake ni kivuli. Mahali ambapo mwili wa mtu au mashine umezikinga taa nyingine na kuacha moja tu, uongo unarudi. Pia sasa una volti 400 kati ya taa jirani, kwa hiyo lazima kuwe na swichi moja inayokata fezi zote kwa pamoja, na kazi hii si ya kujaribu mwenyewe. Ipo pia mbinu ya zamani ya taa mbili kwenye boksi moja, tyubu moja ikiwa na choki peke yake na nyingine ikiwa na choki na kapasita mfululizo, ili mikondo ipishane. Inafanya kazi. Ile kapasita ya kawaida iliyofungwa sambamba na laini haihusiki. Inarekebisha pawa fakta tu na kupepesa kunabaki pale pale.

Ya pili ni kubadili choki za chuma kuweka choki za kielektroniki. Hizi zinailisha tyubu kwa mapigo zaidi ya elfu 20 kwa sekunde, gesi haipati nafasi ya kunyamaza, na uongo wa taya unaisha. Kwa tyubu ya futi nne yenye kipenyo cha milimita 26, tafuta choki ya wati 36. Stata inaondolewa kabisa. Ikibaki, haina kazi na inaleta hitilafu. Fuata mchoro uliobandikwa kwenye choki, kwa sababu nyaya za ncha mbili za tyubu hazifungwi sawa kwa kila mtengenezaji, na boksi la chuma lazima lifungwe ethi, yaani waya wa ardhini. Za bei ya kutupa nazo hupepesa kidogo kwa mapigo 100, basi ipime moja kabla ya kununua sita.

Ya tatu ni LED nzuri, na kama unaanza kutumia pesa ningekwambia uende huku. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kusitisha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu hizi ifikapo 2027, kwa hiyo choki mpya utakazofunga leo zitakuja kukosa tyubu. Tahadhari iko kwenye ufungaji. Tyubu ya LED iliyotengenezwa kuingia kwenye boksi la choki inakuja na stata bandia yake, ambayo ni fyuzi. Ukiacha stata ya zamani umeharibu. Aina nyingine inataka umeme wa moja kwa moja, choki iondolewe, fezi na nyutro ziende ncha moja. Nyingine zinapokea fezi ncha hii na nyutro ncha ile, na hizo ukizichomeka ncha moja kukiwa na umeme, pini za ncha ya pili zinaweza kukupiga. Soma karatasi ya ndani, kisha bandika alama kwenye boksi kwamba limebadilishwa, asije mtu baadaye akachomeka tyubu ya zamani.

Kubadili tyubu na stata unaweza kufanya mwenyewe, ukizima breka, si swichi ya ukutani tu. Majengo ya zamani mara nyingine yana swichi iliyofungwa kwenye nyutro, taa inazimika lakini fezi bado iko pale juu. Tesa ya bisibisi isiwe shahidi wako wa pekee. Pima kwa multimita. Kapasita ndani ya boksi huweza kubaki na chaji, ipe dakika chache. Kufungua boksi na kubadili nyaya, au kugawa fezi, muite fundi mwenye leseni. Leseni hizo hutolewa na mamlaka za nishati: Tanzania ni EWURA, Kenya ni EPRA. Na kwa kuwa una wafanyakazi na tukio la karibu kuumia limeshatokea, mwalike mkaguzi wa usalama na afya kazini, wa OSHA kama uko Tanzania au wa DOSHS kama uko Kenya, akague kinga na swichi za dharura pamoja na taa.

Tyubu mnazotoa msizivunje ili zitoshee kwenye pipa. Kila moja ina miligramu chache za zebaki. Zirudishe kwenye maboksi ya zile mpya, na mwulize muuzaji au halmashauri wanapozipokea. Ikivunjika ndani, toeni watu, fungueni milango kama robo saa, kisha okoteni vipande kwa karatasi ngumu na mfute vumbi kwa kitambaa chenye maji. Msifagie kwa ufagio mkavu.

Kazi ikiisha, jaribu usiku, milango imefungwa, taa ya halojeni imezimwa. Weka mashine 1,000, kisha 2,000, usimame mbali na kichwa. Ukiona ukungu mtupu, taa zimepona. Ukiona hata kivuli cha taya sita, zima taa moja moja hadi ujue ni ipi, ukikumbuka ile ya nje inayoingia dirishani.